Maji Yaliyo Chini ya Nyayo Zetu ni Amana



Kila msimu wa uchaguzi ukiwadia, hapana mgombea avukaye feri kwenda Likoni, au apitaye daraja la Nyali kuelekea Kisauni, au apandaye kwenda Changamwe, asiyeahidi maji. Huahidi kwa sauti kuu, jukwaani, huku chupa ya maji ya dukani ikiwa imewekwa mezani mbele yake. Kura zikishahesabiwa, wimbo hubadilika. Tunaambiwa kwamba mji wetu umezungukwa na bahari, kwamba mvua zimepungua, kwamba watu wamekuwa wengi mno, na kwamba yatupasa kungoja mradi mkubwa ujao. Nasi tunangoja. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, na katika habari ya maji usemi huo ni kweli kwa maana zote mbili.

Nakusudia katika makala haya kuukanusha wimbo huo. Ukame upo, wala hakuna mwenye akili anayeukana. Lakini kiu ya Likoni, Kisauni na Changamwe haikuletwa na mawingu pekee. Imeletwa na utawala ulioiacha hazina ya maji iliyo chini ya ardhi ichotwe bila hesabu na mwenye pampu kubwa, na ichafuliwe na choo cha maskini aliyenyimwa mtaro wa maji taka. Sheria ya nchi hii, ambayo watu walipigwa virungu na kufungwa jela kwa ajili ya kuipata, inasema kwamba hazina hiyo ni amana ya wananchi. Nasi twajua jina la mtu alaye amana: huitwa khaini.

Mji unaokunywa kutoka ardhini

Tuanze na hesabu, maana siasa bila hesabu ni porojo. Sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika Kaunti ya Mombasa. Kati yao, ni 154,171 tu waliohesabiwa Mvita, yaani kisiwani. Waliosalia, zaidi ya milioni moja, walikuwa bara: 291,930 Kisauni, 250,358 Likoni, 131,882 Changamwe, na wengine Nyali na Jomvu. Kwa lugha nyepesi, watu saba katika kila wanane wa Mombasa ni watu wa bara. Lakini mfumo wa mabomba tuliourithi kwa mkoloni ulikitazama kisiwa na bandari kwanza, na bara ikawa mkia wa bomba. Mkia wa bomba hupata yale yaliyobaki, na mara nyingi hakuna yaliyobaki.

Maji ya bomba ya Mombasa yametegemea vyanzo vinne vikubwa. Kuna Marere katika vilima vya Shimba, kulikofungwa bomba tangu zama za ukoloni. Kuna chemchemi za Mzima huko Tsavo, ambazo bomba lake la zaidi ya kilomita 200 lilijengwa katika miaka ya 1950. Kuna Baricho, kando ya mto Sabaki. Na kuna visima vya Tiwi, Kwale. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilicho ndani ya kaunti yetu. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na ndugu zetu wa Kwale, Kilifi na Taita Taveta wamekuwa wakiuliza, tena kwa haki, kwa nini bomba lipite mlangoni pao na wao wabaki na ndoo tupu.

Vitazame tena vyanzo hivyo. Chemchemi za Mzima ni mvua iliyonyesha juu ya vilima vya Chyulu, ikazama katika mawe ya volkeno na kusafiri gizani hadi ikatokeza Tsavo. Marere ni chemchemi. Tiwi ni visima. Hata Baricho, ambako wengi hudhani kwamba twanywa maji ya mto, maji huvutwa kwa visima vilivyochimbwa katika mchanga wa kando ya mto. Maana yake ni kwamba Mombasa, mji uliozungukwa na bahari, hunywa maji ya ardhini karibu matupu. Anayesema kwamba habari ya maji ya ardhini ni jambo la wataalamu tu hajui kilichomo ndani ya kikombe chake cha chai.

Makadirio yaliyotolewa na maofisa kwa miaka mingi ni kwamba mji huu unahitaji karibu mita za ujazo 200,000 kwa siku, na kwamba hauletewi hata nusu ya kiasi hicho. Tena sehemu kubwa ya hayo machache hupotea kabla ya kufika kwa mlipaji, kwa mabomba yaliyooza na kwa miunganisho ya wizi. Basi mwananchi wa Mtopanga, wa Mtongwe au wa Chaani afanye nini bomba likikoroma bila kutoa tone? Hurudi kwenye kisima. Na hapo ndipo msiba wa pili unapoanza.

Chumvi kutoka chini, uchafu kutoka juu

Ardhi ya bara ya Mombasa haikuumbwa sawa kila mahali. Changamwe na maeneo ya magharibi yamekaa juu ya mwamba wa udongo ulioshikamana tabaka juu ya tabaka, usiohifadhi maji mengi. Na hayo kidogo yapatikanayo aghalabu huwa na chumvi. Mkazi wa Magongo akichimba kisima, huchimba jasho lake. Kisauni na Likoni ni tofauti. Huko kuna mchanga na matumbawe, na mvua za masika na za vuli huzama na kukaa chini kama tui lililotulia juu ya maji. Naam, yamekaa juu ya maji mengine: chini ya maji hayo matamu kuna maji ya bahari, ambayo ni mazito zaidi na yamejipenyeza chini ya nchi kavu.

Mizani ya maji haya mawili imejulikana kwa zaidi ya miaka 120, tangu Mholanzi Badon Ghyben na Mjerumani Herzberg walipoieleza, kila mmoja kwa wakati wake. Walionyesha kwamba kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Ndugu msomaji, igeuze kanuni hiyo nawe utaona hatari yake. Pampu ikiyashusha maji matamu kwa mita moja tu, chumvi iliyo chini, baada ya muda, hupanda kwa takriban mita 40. Mwenye pampu haoni kitu. Bustani yake ingali ya kijani, na tangi lake juu ya paa limejaa. Mjane wa mtaa wa pili, mwenye kisima alichochimbiwa na marehemu mumewe kwa sururu, ndiye anayeonja kwanza, asubuhi moja, kwamba maji ya nyumbani mwake yamegeuka. Huu ni wizi usiovunja mlango wala kuacha alama ya mguu. Na chumvi ikiisha kuingia katika mwamba haitoki kwa amri ya mahakama. Yaweza kuchukua miaka mingi ya mvua kuisukuma tena baharini.

Huyo ni adui atokaye chini. Wa pili hutoka juu. Sehemu kubwa ya Kisauni na Likoni haina mtaro wa umma wa maji taka. Mitaro iliyopo ni ya sehemu ya kisiwa na ya upande wa magharibi, kunakotumikiwa na mtambo wa Kipevu. Wengine wote tunachimba: vyoo vya shimo, matangi ya maji taka, mashimo ya kufyonza. Yachimbwapo katika matumbawe, yenye nyufa na mapango, uchafu hauchujwi kama unavyochujwa na mchanga mwembamba. Hupita njia yake na kufika kisimani. Viwanja vyenyewe ni vidogo. Choo cha jirani huyu kiko hatua chache kutoka kisima cha jirani yule, na wote wawili ni watu wema wasio na mahali pengine pa kuchimba.

Haya si maneno ya mitaani. Mwaka wa 2006 kilichapishwa kitabu cha wanasayansi juu ya uchafuzi wa maji ya ardhini barani Afrika, na uchunguzi mmoja uliomo ulihusu Kisauni yetu hii hii. Wachunguzi walieleza jinsi visima vya huko vilivyo hatarini kwa sababu ya vyoo na mashimo ya maji taka. Ni miaka mingi tangu kitabu hicho kitoke. Je, tumekiona kikisomwa katika baraza gani?

Naomba hapa akina mama wanisikilize kwa makini, maana wengi tumefundishwa kwamba ukichemsha maji umemaliza kazi. Kuchemsha huua vijidudu vya kipindupindu na vya homa ya matumbo, na tusiache kuchemsha. Lakini kuchemsha hakuondoi chumvi, wala hakuondoi nitrati, ile kemikali inayotokana na kinyesi. Maji yakipungua sufuriani, kemikali hizo huzidi kukolea. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za nitrati kwa lita, kwa ajili ya kuwalinda hasa watoto wachanga wanyweshwao maziwa ya kopo, kwa kuwa nitrati ikizidi huizuia damu yao kubeba hewa. Nani amepima kisima unachokitumia wewe? Na kama kimepimwa, majibu yako wapi?

Wako watakaosema kwamba natia chumvi. Basi na waende Gedi, karibu na Watamu, safari ya saa chache tu kwa matatu. Watakuta misikiti, jumba la kifalme, nyumba za mawe na visima vya mji wa Waswahili uliohamwa katika karne ya kumi na saba. Sababu zinazotajwa na wachimbuzi wa mambo ya kale ni zaidi ya moja, na vita vimo. Lakini mojawapo ni kushuka kwa maji ya ardhini: kisima kilicho karibu na msikiti mkuu kilichimbwa kikaongezwa kina, kama watu waliokuwa wakiyafuata maji yaliyokuwa yakiwakimbia. Mji wa matumbawe waweza kufa kwa kiu na kuta zake zikabaki zimesimama.

Nani alaumiwe?

Mwanasheria hufundishwa kutafuta chanzo cha shauri kabla ya kumtaja mshtakiwa. Chanzo cha shauri hili ni ardhi. Mwaka wa 1908 serikali ya kikoloni ilileta sheria ya hatimiliki za ardhi kwa ukanda wa Pwani. Aliyejua njia ya ofisi, akawa na karatasi na ushahidi, alipewa hati. Wengi waliokuwa wakilima na kuzikana hapo hapo waligeuka maskwota katika nchi ya babu zao. Ndipo tukapata, hasa katika bara ya Mombasa, ule utaratibu wa ajabu wa nyumba bila ardhi: nyumba ni yako, kiwanja ni cha mwingine asiyeonekana, na kodi ya kiwanja hulipwa kwa wakala wake. Katika hali hiyo ni nani atakayejenga mtaro? Mwenye ardhi hakai hapo. Mwenye nyumba haruhusiwi, au anaogopa kufukuzwa kesho. Serikali husema eneo halijapimwa. Hata pale penye mafanikio, kama hati zilizotolewa mwaka wa 2016 kwa wakazi wa shamba la Waitiki huko Likoni, tukumbuke kwamba hati ni jambo jema, lakini hati peke yake haichimbi mtaro wa maji taka.

Juu ya dhuluma hiyo ya kale vigogo wa zama za chama kimoja, na wa miaka iliyofuata, waliongeza yao. Tume ya Ndung'u, iliyoundwa mwaka wa 2003 na kutoa ripoti yake mwaka wa 2004, ilieleza jinsi ardhi ya umma kote nchini ilivyogawanywa kama zawadi ya harusi. Kiwanja cha umma kikinyakuliwa, hapapotei nyasi tu. Hupotea mahali ambapo pangewekwa tangi la mtaa, au mtambo wa maji taka, au uwanja ulio wazi ambapo mvua ingezama na kuwa maji ya kesho.

Lakini tusijidanganye, ndugu zangu. Ni rahisi kwetu sisi wa kambi ya mageuzi kuutupia mzigo wote Uingereza na KANU. Kifungu cha 2A kilifutwa mwaka wa 1991. Katiba mpya ilipitishwa mwaka wa 2010, na Jedwali lake la Nne likazipa kaunti kazi ya kuwafikishia wananchi maji na huduma za usafi. Tangu mwaka wa 2013 Mombasa imekuwa na serikali yake yenyewe, nayo iliongozwa na chama kilichozaliwa katika upinzani. Tuliowapigia makofi jana ndio waliokabidhiwa funguo. Ikiwa vyama vingi vina maana yoyote, basi maana yake ni kwamba twaweza kuwauliza hata wale tuliowachagua sisi wenyewe. Mgala muue na haki yake mpe: yako mabomba yaliyowekwa na visima vilivyochimbwa. Lakini pale ambapo mtaro wa maji taka haujafika, kisima kipya cha mfadhili ni kinywa kipya cha kunywea uchafu ule ule.

Na faida ya vurugu hii ni ya nani? Fanya hesabu pamoja nami. Mtungi mmoja ni lita 20. Mita moja ya ujazo ni mitungi 50. Mwenye mkokoteni akikuuzia mtungi kwa shilingi 20 tu, umelipa shilingi 1,000 kwa mita moja ya ujazo, na siku za dhiki bei hupanda juu ya hapo. Hakuna bei halali ya bomba katika mji huu inayokaribia hiyo. Tajiri mwenye bomba hulipa kidogo. Maskini asiye na bomba hulipa mara nyingi zaidi, kwa maji ambayo hajui yalikotoka. Simlaumu kijana anayesukuma mkokoteni juani. Huyo ni mlala hoi mwenzetu. Namlaumu yule anayetaka bomba liendelee kuwa kavu kwa sababu ukavu wake ni biashara.

Neno moja katika sheria

Sasa nije kwenye neno lililonifanya nichukue kalamu. Chini ya Sheria ya Maji ya mwaka wa 2002, rasilimali zote za maji ziliwekwa mikononi mwa Dola. Dola ilikuwa mwenyewe, na mwenye mali hufanya apendavyo. Sheria ya Maji ya mwaka wa 2016, sehemu ya 5, ilibadilisha maana hiyo. Inasema kwamba kila rasilimali ya maji imewekwa chini ya serikali ya kitaifa ili iishike kwa amana, kwa niaba ya watu wa Kenya. Amana! Neno hilo moja lina uzito kuliko hotuba mia. Mwenye kushika amana hana ruhusa ya kugawa, kupuuza wala kunyamaza. Sharti atoe hesabu. Na sehemu ya 63 ya Sheria hiyo, ikifuata Kifungu cha 43 cha Katiba, yampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha.

Tokeo lake ni gani? Ni kwamba hati ya kiwanja chako haikupi umiliki wa maji yapitayo chini yake. Kisima cha mashine huhitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na kibali hicho ni ruhusa ya kutumia kwa kiasi. Yule asemaye "kiwanja changu, kisima changu, pampu yangu" amesema kweli mara moja na kukosea mara mbili: kiwanja ni chake, lakini maji si yake, na pampu yake ina mipaka.

Najua jibu litakalotolewa: "Serikali imeshindwa, ndiyo maana tunajichimbia." Hoja hiyo ina uzito, nami siwezi kumhukumu mtu aliyechimba kwa sababu watoto wake wana kiu. Lakini kushindwa kwa mshika amana si ruhusa ya warithi kuibomoa nyumba ya urithi. Wengine watasema tungoje Bwawa la Mwache huko Kwale, lililokusudiwa kutoa mita za ujazo 186,000 kwa siku, au viwanda vya kuondoa chumvi katika maji ya bahari. Miradi hiyo na ije, na walioondolewa katika ardhi yao walipwe haki yao. Ila nauliza: je, ni busara kuyageuza maji matamu ya Kisauni na Likoni kuwa chumvi bure, kisha tukope mabilioni ili tuigeuze chumvi kuwa maji matamu?

Visima vya Isaka

Jarida hili husomwa na watu wa kanisa, nami ni mmoja wao. Twaikumbuka habari ya Isaka katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 26. Wafilisti walivifukia visima vya babake. Akachimba kimoja, wakakigombania, akakiita Eseki. Akachimba cha pili, wakakigombania nacho; akakiita Sitna, yaani uadui. Cha tatu hawakukigombania, naye akakiita Rehobothi, kwa maana sasa palikuwa na nafasi ya wote. Likoni yaijua Sitna. Mwezi wa Agosti 1997 watu walichinjana huko kwa uchochezi wa kisiasa wa wenyeji na wageni, na waliokimbia wakalala katika uwanja wa Kanisa Katoliki. Foleni ya maji ni mahali pepesi pa kuwashia moto kama ule. Yeyote atakayekuja kutuambia kwamba maji yameisha kwa sababu ya kabila fulani, tumkatae hadharani.

Ndugu zetu Waislamu, ambao ndio majirani zetu mlango kwa mlango, wamefundishwa kwamba maji, malisho na moto ni vitu vya shirika. Wanaisimulia habari ya Seyyidna Uthman aliyekinunua kisima cha Ruma huko Madina akakifanya wakfu, ili maskini asiuziwe maji. Wakfu ni amana. Sheria ya mwaka wa 2016, Isaka na Uthman wote wasema neno moja.

Basi tuanze nyumbani mwetu. Makanisa mengi ya bara yana visima vya mashine, na misikiti vile vile. Je, kisima cha parokia yako kina kibali? Kina mita? Maji yake yamepimwa lini? Yanauzwa kwa bei gani kwa jirani asiye mshirika? Pampu ikiunguruma usiku kucha ili kujaza malori ya wachuuzi, sisi nasi tumo katika meza ya Wafilisti. Hatuwezi kuidai serikali hesabu ya amana ilhali yetu imefungiwa kabatini.

La kufanya

Wako wanaosema kwamba sheria ni ya wakubwa. Nawajibu kwa habari ya Owino Uhuru, mtaa wa Mikindani. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwamwagia wakazi sumu ya risasi mpaka kilipofungwa mwaka wa 2014. Watu wa mabanda, wakiongozwa na Phyllis Omido, mama aliyeanza kupiga kelele baada ya mtoto wake mwenyewe kuugua, walikwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa. Mwaka wa 2020 mahakama iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3, na vyombo vya serikali vikawa miongoni mwa waliobebeshwa lawama. Rufani ikawarudisha nyuma mwaka wa 2023. Mahakama ya Juu ikawarudishia haki yao mwezi wa Desemba 2024. Njia ilikuwa ndefu mno, na wengine walizikwa kabla ya kuona mwisho wake. Lakini walishinda, nao hawakuwa na kigogo nyuma yao.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne, yote ndani ya sheria na yote yawezekanayo.

Kwanza, kila jumuiya, kila parokia na kila kamati ya mtaa iandike barua chini ya Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka wa 2016, iiombe Mamlaka ya Rasilimali za Maji daftari la vibali vya visima vyote vya Kisauni, Likoni, Nyali, Jomvu na Changamwe: ni nani amepewa, achote kiasi gani, na mita yake inasoma nini. Ofisi ina siku 21 za kujibu. Wekeni nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Wakinyamaza, malalamiko yapelekwe kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Pili, tuitake kaunti ipime visima vya umma, vya shule, vya makanisa na vya misikiti kila mwaka, kwa vijidudu, kwa nitrati na kwa chumvi, na ibandike majibu kisimani penyewe, kwa Kiswahili.

Tatu, bajeti ya kaunti ikijadiliwa, tuhudhurie, na swali letu liwe moja: mwaka huu ni mita ngapi za mtaro wa maji taka zitakazojengwa Kisauni na Likoni? Tusikubali jibu la visima vipya mpaka jibu la mtaro limetolewa.

Nne, ikiwa milango hii itafungwa, twende mahakamani. Kifungu cha 70 cha Katiba kinamruhusu mtu yeyote kudai haki ya mazingira safi bila ya kuthibitisha kwamba yeye binafsi amepata hasara. Kifungu cha 22 kinasema hapatozwi ada kwa kufungua shauri la kutetea haki za msingi. Mawakili wa kujitolea tupo.

Miaka ile ya kudai vyama vingi, tuliambiwa kwamba mwananchi wa kawaida haelewi katiba, kwamba anataka unga na maji tu. Waliotuambia hivyo walidhani wametutukana. Kumbe walisema kweli bila kujua: katiba ni unga, katiba ni maji. Katiba isiyofika kisimani ni karatasi. Isaka hakukata tamaa kwa Eseki wala kwa Sitna, aliendelea kuchimba. Nasi tuchimbe, safari hii kwa barua, kwa mikutano na kwa mashtaka, ili wajukuu wetu wasije wakaonyeshwa Kisauni na Likoni kama sisi tuonyeshwavyo Gedi: kuta nzuri, na kisima kilichoongezwa kina mpaka watu wakachoka.